Miguu Miwili Iliyokataa Vumbi

Holo ameuliza swali la maana, na kwa kuwa karanga bado ni nyingi na ulimi haumenyi karanga, nitamjibu. Anasema siafu wanamkera. Msafara mzima umebeba mizigo, jua linawaka, lakini kila siafu akikutana na mwenzake lazima wasimame wapapasane vichwa kwa zile nywele mbili ndefu, ndipo kila mmoja ashike njia yake. Watu wa shule wanaziita vipapasio. Holo anaziita upuuzi. Anasema, wanasalimiana nini kutwa nzima na wote wanalala nyumba moja?

Endeleeni kumenya, ila msinikatize. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Hii si hadithi ya kuchekesha watoto. Bibi yangu aliyenisimulia alikuwa akifika mahali fulani katikati ananyamaza, anafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha anaendelea. Mimi sitalia mbele yenu, mtanisema mpaka mavuno yajayo.

Zamani hizo, kabla miyombo ya nchi hii haijajua shoka, Siafu alikuwa na macho. Yalikuwa mawili, makubwa, yenye kung'aa kama mbegu za mbarika. Hakuna mdudu atambaaye aliyeona mbali kama yeye. Tena alikuwa na miguu minane, sawasawa na Buibui, na kichwa chake kilikuwa kitupu, laini kama kitako cha chungu. Siafu na Buibui mwekundu wakipita kwa mbali, mngesema ni watoto wa mama mmoja. Hilo la miguu minane msilisahau, tutalirudia.

Siafu walikuwa na mwiko mmoja waliouogopa kuliko yote: mtu mzima haguswi. Aliyeguswa ni mtoto mchanga, kwa sababu hawezi kujilisha, na maiti, kwa sababu hawezi kujizika. Waliobaki walitazamana tu. Walisalimiana kwa macho, waliposana kwa macho, waliombana radhi kwa macho. Ndugu walikaa chumba kimoja miaka na hakuna aliyejua ngozi ya mwenzake ina joto au ina baridi. Msemo wao ulikuwa "mwenye macho hapapasi," na waliutamka kwa maringo, vichwa juu, hasa wakimwona Konokono akijiburuta njiani na kugusagusa kila jani.

Mlinzi wa lango la nyumba yao alikuwa mwanamke aitwaye Kalunde. Alipewa lango kwa sababu ya macho yake. Aliweza kusimama kizingitini akamtambua mwenzake anayerudi kutoka ng'ambo ya mbuga, akataja jina lake na mzigo aliobeba, na asikosee. Watu wa nyumba ile walilala usingizi mzito kwa sababu Kalunde yuko macho. Mama Mkuu mwenyewe, Nyanzobe, aliyewazaa wote, alikuwa akisema kwamba nyumba yake haihitaji komeo.

Kabla ya kupewa lango, Kalunde alikuwa mlezi. Ndipo alipomlea mdogo wake, Minza. Mwaka ule masika yalikuja kwa hasira, maji yakaingia mpaka chumba cha watoto. Walezi wakabeba watoto mdomoni wakakimbilia juu. Kalunde alimbeba Minza, na kwa woga wa kumwangusha akambana kwa meno kuliko inavyopasa. Minza alipona maji, lakini kisogoni mwake pakabaki bonde dogo, la meno ya dada yake. Kalunde aliona haya sana. Kila alipomlisha alikuwa akiligusa lile bonde polepole, akisema, "Nisamehe, mdogo wangu." Mtoto naye alizoea. Hakukubali kula mpaka aguswe kisogo.

Kisha Minza akakua, na siku aliyokuwa mtu mzima, mguu wa Kalunde ukakoma kumgusa. Ndiyo ilikuwa desturi. Kuanzia hapo walipendana kwa kutazamana, Kalunde langoni na Minza katika msafara wa wawindaji, na kila jioni Kalunde hakuingia ndani mpaka amwone mdogo wake akipita.

Sasa kikaja kiangazi ambacho nyasi zilikauka zikalia kama karatasi. Wawindaji walikuwa wamekwenda mbali, ng'ambo ya mbuga, na Minza alikuwamo. Adhuhuri upande ule ukafuka moshi. Nyinyi mnaujua moto wa miyombo, hauna cha kuambiwa subiri. Kalunde alisimama langoni akatazama mpaka macho yakamwuma. Jioni hakupita mtu. Siku ya pili hakupita mtu.

Kule motoni wawindaji walitawanyika wakiitana ndani ya moshi. Wenzake walimwita Minza, lakini yeye aliita jina moja tu. Aliita "Kalunde! Dada Kalunde!" mpaka moshi ukamkausha koo na sauti ikakatika. Hakujua kwamba juu ya jiwe lililo karibu na njia alikuwapo Buibui mwekundu, ametulia, anasikiliza. Buibui yule alikuwa na njaa ya siku nyingi, na wala hakuhitaji kusikia jina mara mbili.

Asubuhi ya siku ya tatu Kalunde aliona mtu anakuja. Alikuwa mwekundu, mwembamba, anachechemea kidogo. Ana miguu minane, ana macho ya kung'aa. Buibui alikuwa amechukua uzi wake mwenyewe akajifunga sawasawa, mmoja mahali pa shingo na mwingine mahali pa kiuno, akajikaza mpaka mwili wake ukaonekana una vipande vitatu kama wa Siafu. Alipofika hatua chache kutoka langoni akasimama, akainua uso.

"Dada Kalunde," akasema. "Ni mimi Minza. Nimetoka motoni."

Mtu ambaye hajawahi kusubiri asimcheke Kalunde. Alimtazama mara moja na furaha ikamjaa kichwani, na furaha ni ukungu pia. Aliona alichokuwa akikililia siku mbili. Akasogea pembeni, akasema, "Pita, mdogo wangu, pita ukapumzike." Buibui akapita. Hakumgusa, na Kalunde hakumgusa, maana mwenye macho hapapasi. Ndani watu wakashangilia, wakampa chakula na mahali pazuri pa kulala, karibu na chumba cha watoto, kwa kuwa ndipo penye joto.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa limeinama, akaja mwingine.

Huyu hakuwa mwekundu. Alikuwa mweupe kwa majivu kuanzia kichwani hadi miguuni, ngozi imebabuka, anakokota mguu mmoja, anasimama kila baada ya hatua tatu. Kalunde hakumtambua. Akapaza sauti, "Nani wewe?" Mgeni akafungua kinywa na sauti haikutoka. Akasogea karibu zaidi, akanyoosha mguu wa mbele kutaka kumgusa Kalunde. Kalunde akaruka nyuma.

"Usiniguse! Huna adabu? Taja jina lako."

Mgeni akatulia, kama anayefikiri. Kisha akageuka polepole, akainamisha kichwa, akamwonyesha Kalunde kisogo. Akakaa hivyo, anangoja.

Hapa ndipo bibi alipokuwa akinyamaza.

Kalunde alitazama kile kisogo. Majivu yalikuwa yamejaa ndani ya lile bonde, yamelisawazisha, na jicho halichimbi. Alichoona ni mtu asiyetaja jina, aliyejaribu kumgusa, na sasa anampa kisogo kama anayemdharau mlangoni kwake. Moyo wake ukachacha. "Nenda zako," akasema. "Ndugu yetu pekee aliyerudi kutoka motoni yuko ndani."

Mgeni hakwenda. Alilala pale pale nje ya lango, mahali ambapo Kalunde hakuweza kutazama njia bila kumwona.

Usiku huo mtoto mmoja akakosekana chumbani. Walezi walidhani wamehesabu vibaya. Kesho yake wakakosekana zaidi, na vitanda vyao vilikuwa vikavu, hapana damu wala mburuzo. Hofu ikaingia nyumbani. Buibui alilia kuliko wote. Alisema kwa sauti ya upole kwamba motoni aliona watu wengi wakigeuka mizimu, wakawa weupe, wakawafuata wazima hadi makwao. Hakumtaja mtu. Alisema hivyo tu, akainama.

Wakamwendea Kalunde. Wakamwambia yule mweupe wa langoni ana jicho baya, ndiye anayewavuta watoto, amfukuze. Kalunde akamwambia mgeni aondoke. Hakuondoka. Kalunde akaokota bonge la udongo akamrushia. Likampiga ubavuni. Mgeni akatikisika, akainua kichwa akamtazama, kisha kwa mara nyingine akageuza kisogo chake upande wa lango na kukiinamisha. Kalunde akarusha la pili. Sitawaambia alirusha mangapi.

Alfajiri ya siku ya nne tangu alipofika, mgeni alikuwa amekufa.

Sheria ya Siafu ilikuwa kwamba maiti iliyokutwa langoni huzikwa na mlinzi wa lango, hata ikiwa ya adui. Kalunde akatoka. Watu wazima hawaguswi, lakini maiti huguswa, basi akainama, akapitisha miguu yake miwili ya mbele chini ya kichwa cha marehemu ili amwinue. Tangu aache kulea watoto hakuwa amemgusa mtu yeyote. Mguu wake wa kulia ukateleza kwenye majivu, ukaingia mahali penye bonde dogo kisogoni, ukatulia humo.

Macho yake yalikuwa bado hayajajua. Mguu ndio uliojua. Ulikaa pale kama mtu aliyeingia chumba alichozaliwa, gizani, asiyehitaji kuonyeshwa kitanda kiko wapi. Kalunde akalipapasa lile bonde mara moja, mara mbili, akapata alama ya jino la kushoto na alama ya jino la kulia. Harufu ikampanda, harufu ya chumba cha watoto, ya chakula alichokitafuna mwenyewe mwaka ule wa mafuriko. Ndipo akafahamu kwamba siku ile ya kwanza hakupewa kisogo kwa dharau. Mdogo wake hakuwa na sauti ya kumwambia "ni mimi," akampa kitu pekee alichojua dada yake hawezi kukisahau. Alimwomba amguse. Kalunde alimrushia udongo.

Hakupiga yowe. Alikaa na kichwa cha Minza juu ya miguu yake mpaka jua likapanda. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema, yale maneno ya zamani, na safari hii hapakuwa na mtoto wa kusogea karibu ale. Akamzika kwa miguu ile sita iliyobaki, kwa tabu sana, kwa sababu ile miwili iliyomshika alikataa kuiweka chini. Aliiinua mbele ya uso wake, akaapa: "Miguu iliyomjua Minza haitakanyaga vumbi tena."

Kisha akachukua udongo wa kaburi, akauchanganya na majivu, akajipaka macho yote mawili mpaka yakafunikwa. Akageuka kuingia ndani. Na sasa, akiwa hana anachoona, jambo lililokuwa wazi muda wote likamfikia. Ikiwa Minza yuko kaburini, nani amelala karibu na watoto?

Aliingia akipapasa ukuta kwa miguu ile miwili. Walinzi wa ndani walipomwona wakarudi nyuma kwa hofu. Alikwenda mpaka mbele ya Mama Mkuu Nyanzobe, akapiga magoti.

"Mama, aliyekufa langoni ni Minza. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Humu ndani kuna mtu nisiyemjua, na mimi ndiye niliyemfungulia."

Nyumba nzima ikavuma. Wengine wakasema Kalunde ameingiwa na wazimu. Minza yupo, huyu hapa, mnamwona! Buibui akasogea mbele kwa unyonge, akasema, "Dada yangu amechoka. Amekesha langoni siku nyingi kwa ajili yangu. Mama, mwoshe macho anione."

"Sitaki kukuona," Kalunde akasema. "Mama, naomba ruhusa ya kuvunja mwiko. Niwaguse watu wote wa nyumba hii, mmoja mmoja."

Hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Lakini Mama Mkuu alikuwa mama, na kule chumbani vitanda vya watoto wake vilikuwa vitupu. Kikulacho ki nguoni mwako, nanyi mnajua kwamba nguo haitazamwi kwa macho tu, huvuliwa ikapekuliwa. Mwishowe akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka kikafika usawa wa Kalunde. "Anza na mimi," akasema.

Kalunde akamgusa Mama kichwani, na Mama akashtuka, kwa kuwa tangu alipokuwa mtoto hakuna aliyewahi kumgusa. Kisha wakapita wengine. Walikuja na aibu, wamekaza miili. Alipapasa uso, akapapasa shingo, akapapasa kisogo, akasema, "Wewe ni wetu," na akamwita kila mmoja kwa jina, kwa sababu wengi wao aliwalea, na miguu yake ilikuwa haijawasahau. Jambo la ajabu likatokea. Walioguswa hawakuondoka kwa hasira. Walisimama kando, na baadhi yao walikuwa wakilia na hawajui wanalilia nini.

Buibui alikuwa akirudi nyuma ya mstari kila zamu yake ilipokaribia. Mstari ukaisha. Akabaki peke yake.

"Mwenye macho hapapasi!" akasema kwa sauti kubwa. "Ndivyo mlivyonifundisha. Nitazameni! Mimi si Minza?"

Wakamtazama, na kweli, kwa macho yao yale mazuri waliona Minza. Wachache wakaanza kuitikia. Mama Mkuu akasema neno moja tu: "Mguse."

Kalunde akamsogelea. "Geuka, mdogo wangu. Nipe kisogo chako."

Buibui akageuka bila wasiwasi, maana hakujua kisogo kina nini. Kalunde akaweka miguu yake pale ilipopaswa kuwa shingo. Akakuta uzi umekazwa, mwembamba, unanata. Akaingiza ncha chini ya uzi akitafuta bonde la meno yake. Hapakuwa na bonde. Hapakuwa na kisogo chenyewe, wala shingo. Kichwa na kifua vilikuwa kitu kimoja, kama vilivyo kwa buibui wote. Akashuka mpaka tumboni, akakuta tumbo laini, limevimba. Hakuna aliyehitaji kuambiwa limejaa nini.

"Huyu si wetu," Kalunde akasema. Hakuinua sauti.

Wakamrukia. Buibui akakata nyuzi zake, akawa mnene ghafla mbele yao, akawatupa waliokuwa karibu, akachomoka kwa ufa wa ukuta akiteremka kwa uzi. Waliomfuata hawakumpata. Watoto waliokwisha kuliwa hawakurudi, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni ile Mama Mkuu alimwita Kalunde, akaagiza maji yaletwe. "Osha macho sasa, mwanangu. Kazi imekwisha."

Kalunde akakataa. "Mama, nilimwona siku tatu. Nilimwona vizuri kabisa, asubuhi na jioni, na nilimwona akinitazama. Hayo macho niyaoshe yanifanyie nini tena?"

Nyanzobe akasema waende kaburini wamletee udongo ule. Wakadhani anataka kuomboleza. Akajipaka machoni, yule mama wa watu wote, akainua miguu yake miwili ya mbele na hakuishusha. Hakumwamuru mtu. Lakini walezi wakafuata, kwa ajili ya vitanda vilivyobaki vitupu. Wakafuata walinzi. Wakafuata wale waliomshauri Kalunde amfukuze mgeni mweupe, na hao walijipaka udongo mzito kuliko wengine. Ilipofika alfajiri hapakuwa na jicho lililofunuliwa katika nyumba ile.

Msidhani ilikuwa rahisi. Walikuwa watu waliopenda kutazama. Miyombo ilipochipua majani mapya mekundu kabla ya mvua, na nchi yote ikawa kama imevaa nguo za harusi, wao walisikia wengine wakisifia. Waligongana milangoni. Walipotea njia walizozijua tangu utoto, mpaka wakajifunza kutembea mmoja nyuma ya mwingine, mguu kwa mgongo, wasiachane. Baadhi walijuta, na Kalunde aliwasikia wakijuta. Lakini mtoto hakupotea tena chumbani mwao.

Udongo ukakauka, ukagandamana, ukawa ngozi. Miguu ile miwili, kwa kuinuliwa mchana na usiku, ikapanda kutoka kifuani, ikaota kichwani, ikawa myembamba, ikajifunza kunusa na kusikia pamoja na kugusa. Watoto waliozaliwa baadaye walizaliwa hivyo. Mhesabuni siafu: miguu sita ya kutembelea, na miwili kichwani isiyokanyaga chini. Jumla minane, kama zamani.

Na tangu siku hiyo siafu hana macho, na siafu hampiti mwenzake bila kumgusa kichwa. Awe amebeba mzigo, awe anakimbia mvua, lazima asimame. Mmoja anauliza, "Ndiwe?" Mwingine anajibu, "Ndimi, nipapase." Ndicho wanachosalimiana, Holo. Wanalala nyumba moja, na ndiyo maana wanauliza. Na yule Buibui mwekundu bado yupo. Mkimkuta kwenye majani tazameni anavyoinua miguu yake miwili ya mbele, anaitikisatikisa juu ya kichwa aonekane naye anavyo vipapasio. Anajifunza hadi leo, hajaweza.

Shemeji yenu aitwaye Kwangu ameweka chuma kirefu juu ya bati lake, antena, na redio yake inanasa habari za nchi ambazo hata yeye hajui ziko upande gani. Vizuri, nami huenda kusikiliza. Lakini mwaka juzi jirani yake, ukuta kwa ukuta, aliugua siku tisa, na Kwangu habari alizipata kwa waliokuja kuazima jembe la kaburi. Alikuwa akimwona kila asubuhi. Akamwambia "Umekonda siku hizi," akapita. Kuna watu wengine wao hawana chuma juu ya bati, ila machale huwacheza, wanakushika mkono kukusalimia na papo hapo wanakuuliza, "Una nini?" Hao wana vile vya siafu. Ukimpata mtu wa namna hiyo, usimwachie.

Karanga zimekwisha, naona. Holo, wewe kusanya maganda, na msafara ule pale mlangoni uupishe. Na siku ukimkuta siafu mmoja peke yake njiani, amesimama, hana mzigo wala mwenzake, vipapasio vinachezacheza hewani mbele ya uso, usiseme amepotea, na usimkanyage. Hajapotea. Anatafuta kisogo cha mdogo wake.